Gobore la Balozi

Budeba Nkuba alihamia bonde la Usangu mwaka 1969 akitokea Maswa. Alikuja na ng'ombe thelathini na wawili, mkewe Leokadia, binti yao Kalista aliyekuwa bado anabebwa mgongoni, na gobore la marehemu baba yake. Kuswaga mifugo hadi huku kuliwachukua karibu miezi miwili. Mara tatu fisi waliwazunguka njiani, na mara tatu mlio wa gobore lile uliwatawanya. Walipofika na kujenga, Budeba alilitundika juu ya kitanda chake, akawa analipaka samli kila mwezi kama mtu apakavyo mtoto.

Kibali cha gobore kilikuwa na jina la baba yake, na baba yake alishazikwa. Budeba alikusudia kwenda Mbeya kuandikisha upya. Mwaka wa kwanza alijenga zizi, wa pili mvua zilimzidi, wa tatu akasahau. Baadaye aliogopa kwenda, maana wangemuuliza alikuwa wapi miaka yote hiyo.

Watu walipokusanywa kwenye vijiji, naye akapewa kiwanja karibu na Igawa, kandokando ya barabara kuu ya kwenda Zambia. Kijiji kilikuwa na Wasangu, Wabena, Wahehe na Wasukuma wachache. Budeba alikuwa na hati nzuri ya mkono aliyoipata shule ya misheni, na hakuwa mlevi. Wakamchagua kuwa balozi wa nyumba kumi. Leokadia alisema siku ile mumewe alirudi nyumbani anatembea kama amevaa viatu vipya. Mgeni kuaminiwa na wenyeji si jambo dogo.

Mwezi wa pili mwaka 1975 ofisa mmoja kutoka wilayani aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Alikuja na mkaguzi wa polisi na gunia kubwa la katani.

"Wananchi," alisema, "tembo wanauawa huko mbugani. Mwezi uliopita mwenye duka amepigwa gobore barabarani, ameacha watoto sita. Serikali haiwezi kuwalinda kama haijui nani ana nini. Silaha zote zitakusanywa, zenye kibali na zisizo na kibali. Zitakaguliwa, na mwenye kustahili atarudishiwa yake. Atakayesalimisha ndani ya siku thelathini hatashtakiwa. Baada ya hapo ni jela."

Watu wakanong'ona. Mzee Eliezeri, Msangu mwenye shamba la mpunga kando ya mfereji mkubwa, akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, hao nguruwe wa porini mmewaambia wasubiri ukaguzi?"

Watu wakacheka, hata mkaguzi akatabasamu. Lakini aliyesimama baada yake hakuja kuchekesha. Alikuwa Bartholomeo Kalinga, seremala, Mhehe wa Mafinga. Mbao zake zililetwa na malori kutoka Sao Hill, na karibu kila mlango wa kijiji kile ulitoka mikononi mwake.

"Mimi nina kibali," alisema Kalinga. "Nakilipia kila mwaka na sijawahi kuchelewa. Leo aliyefuata sheria na asiyeifuata tunaingia gunia moja. Gobore likirudi limeota kutu, nimdai nani? Lisiporudi kabisa, nimwendee nani? Ninyi jioni mtarudi mjini, sisi tutabaki na nguruwe. Langu haliingii kwenye gunia hilo."

"Ndugu, unaipinga serikali?"

"Siipingi. Naulizia mali yangu."

Ofisa akamgeukia Budeba, ambaye alikaa mbele na daftari magotini. "Ndugu Balozi, wewe utaandika majina ya wenye silaha. Mwenyewe unayo?"

Budeba alikuwa amejiandaa kusema ndiyo. Njia nzima ya kuja mkutanoni alikuwa akipanga maneno. Lakini watu wote walimwangalia, akawaza watakavyosikia kwamba balozi wao amekaa na gobore miaka sita bila karatasi. Akawaza pia ng'ombe wake, na fisi.

"Sina, mheshimiwa," alisema. "La marehemu baba nililiacha Maswa kwa kaka yangu."

Leokadia alikuwa upande wa wanawake. Walipofika nyumbani akamuuliza.

"Baba Kalista, una kaka gani Maswa?"

"Nyamaza, mama."

"Kaka yako alikufa kabla sijaolewa."

"Nimesema nyamaza. Wakichukua lile, ng'ombe utawalinda na mwiko?"

Usiku huo alilishusha, akalizungushia ngozi ya ndama, akalificha chini ya majani makavu kwenye banda la ndama. Kesho yake akaanza kuzunguka na daftari. Aliandika magobore kumi, na kila mzee aliyekabidhi lake Budeba alimwandikia stakabadhi na kumpa maneno mazuri: tuwe mfano, serikali ni yetu, tutarudishiwa. Mzee Eliezeri alilipangusa lake kwa kitambaa kabla ya kulitia kwenye gunia. "Balozi," alisema, "nakuamini wewe kuliko yule bwana wa mjini."

Kalinga hakuandikwa. Wiki moja baada ya mkutano Budeba alimkuta penye kituo cha mabasi Igawa, amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwenye turubai.

"Nalipeleka Mafinga," Kalinga alisema. "Nililiandikisha kule, nitalikabidhi kule, kwa askari anayenijua, anipe stakabadhi yenye namba. Sheria ni sheria, lakini na mimi nina macho."

"Umefanya vizuri," Budeba alimwambia, na akamsaidia kupandisha mzigo ndani ya basi.

Mwezi wa tano mpunga ukaiva, na nguruwe wakaja kama walioalikwa. Walianza na mashamba ya chini, wakalala humohumo, asubuhi mpunga unakutwa umelazwa kama mkeka. Watu walipiga madebe mpaka mikono ikavimba. Kwa Budeba waliharibu robo shamba kwa siku mbili. Siku ya tatu, kabla jua halijatoka, alikwenda kwenye banda la ndama.

Ukungu ulikuwa mzito. Alikuwa ameshindilia baruti na vipande vya chuma, akatambaa kwenye tuta mpaka karibu na mfereji. Akasikia maji yakichezewa. Akaona mgongo mweusi umeinama kwenye majani, unasogea. Alishusha pumzi na kufyatua.

Sauti iliyojibu ilikuwa ya mtu.

"Yesu wangu! Jamani! Jamani nakufa!"

Budeba aliijua sauti hiyo. Mzee Eliezeri alikuwa ameamkia kuziba mfereji wake. Budeba alisimama palepale, gobore linatoa moshi mkononi, akasikia mzee akiita mara ya pili, halafu mara ya tatu kwa sauti ndogo zaidi. Akageuka, akakimbia. Alikimbia kwenda bandani, akalifukia gobore, akanawa mikono na uso. Watu walipoanza kupiga yowe naye akatoka pamoja nao, amejifunga shuka kama mtu aliyetoka kitandani.

Yeye ndiye aliyeshika upande wa kichwa walipombeba Eliezeri kwenye machela ya miti hadi barabarani. Damu ilikuwa imetoka nyongani mpaka mguuni. Mzee alifumbua macho akamwona. "Balozi," alisema, "asante kwa kuja." Wakasimamisha lori, likampeleka hospitali Mbeya. Alipona, lakini vipande viwili vya chuma vilibaki ndani, na mguu haukukunjika tena.

Mkaguzi yule yule wa polisi alikuja kesho yake. Aliketi kwenye ofisi ya kijiji, akafungua daftari la Budeba.

"Ndugu Balozi, orodha hii ni ya mkono wako. Magobore kumi, na yote tunayo. Jana limelia la kumi na moja. Nani hakuleta?"

"Wote walioandikwa walileta, afande."

"Na asiyeandikwa?"

Nje ya dirisha watu walikuwa wamejazana. Budeba aliwatazama. Angeweza kunyamaza. Baadaye, kwa miaka mingi, hilo ndilo lililomchoma zaidi: hakuna aliyemlazimisha kusema lolote.

"Kalinga alisema mkutanoni kwamba lake haliingii kwenye gunia," alisema.

"Likaingia?"

"Halikuingia, afande."

Kila neno lilikuwa kweli.

Wakaenda kwa Kalinga. Walikuta kibuyu kidogo chenye mabaki ya baruti, na hilo likawatosha. Kalinga hakubisha kwa kelele. Alieleza kwamba alilikabidhi Mafinga, kwamba stakabadhi na kibali viko kwa mama yake ndani ya sanduku, kwa sababu hapa mchwa hula karatasi. Mkaguzi akasema ataandika barua Iringa kuuliza. Walipomfunga pingu Kalinga alimtafuta Budeba kwa macho kati ya watu.

"Balozi, si uliniona siku ile kituoni? Ulinisaidia mzigo."

Watu wote wakamgeukia Budeba.

"Nilikuona unapanda basi," alisema. "Sikujua umebeba nini."

Kalinga hakuonyesha hasira. Alionekana kama mtu anayejaribu kukumbuka kama ni kweli alimwambia.

Apolonia, mkewe Kalinga, alikuwa na mimba ya miezi minane. Alijifungua mumewe akiwa mahabusu Mbeya. Barua ya kwenda Iringa ilijibiwa kwamba jalada linatafutwa, kisha haikujibiwa tena. Wiki zikapita. Budeba alikuwa anapeleka maziwa kwa Apolonia kila asubuhi, na jioni kwa Eliezeri aliyekuwa amerudishwa nyumbani. Kijiji kizima kilimsifu. Leokadia ndiye aliyekuwa anakamua maziwa hayo, na siku moja alikiweka kibuyu chini.

"Unawanywesha nini watu wale?" aliuliza. "Maziwa au uongo wa mdomo wako?"

Budeba alichukua kibuyu akaondoka nacho. Tangu siku hiyo Leokadia alimpakulia chakula na kwenda kula chake jikoni pamoja na Kalista.

Wiki ya sita Apolonia alimwita. Alikuwa amekaa kizingitini, mtoto kifuani, macho yamemtumbukia.

"Shemeji," alisema, "nimekwenda Mbeya jana. Amekonda. Ananiambia nimtafute mtu anayejua kusoma aende Mafinga kwa mama, aichukue ile karatasi yenyewe aipeleke polisi kwa mkono, siyo kwa barua. Mimi na kichanga hiki siwezi. Hapa kijijini nimefikiria, sikumpata mwingine ila wewe."

Budeba alikubali upesi mno. Alikuwa ameona mlango. Kama angeipata karatasi ile, Kalinga angetoka, na yeye asingehitaji kusema neno. Alilala usingizi mzuri usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu mpunga uvunwe, na asubuhi alipogundua hivyo aliona haya mbele ya ukuta.

Mafinga ilikuwa na baridi ya mwezi wa saba, majani yamegandwa na umande mweupe, moshi wa viwanda vya mbao umelala chini. Aliuliza njia, akaonyeshwa nyumba ya matofali ya kuchoma nyuma ya kanisa. Mwanamke mzee, mfupi, aliyejifunga blanketi, alikuwa anachambua maharage uani.

"Kamwene," bibi alisalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, mama. Natoka Igawa. Ni jirani wa Bartholomeo."

Ungo ukamtoka mikononi. "Amekufa?"

"Hapana, mama. Yuko hai. Nimekuja kuchukua karatasi ya bunduki, ili atolewe mahabusu."

Mama yake Kalinga, Matilda, alikaa chini palepale juu ya maharage yaliyomwagika, akalia, halafu akacheka, halafu akamshika Budeba mikono yote miwili na kuiweka kwenye paji la uso wake. Hakumwachia aondoke siku hiyo. Alichinja jogoo. Budeba alimwambia ameshiba, naye akasema mtu hawezi kutoka Usangu akafika ameshiba. Akamsongea ugali, akamchagulia paja na firigisi, akakaa kumtazama akila.

"Alipolileta hilo gobore," alisema, "nilimwambia, mwanangu, kwa nini unahangaika na nauli yote hiyo, si ungewapa hukohuko? Akasema, mama, nataka siku mtu akiniuliza niwe na jibu. Sasa tazama. Jibu analo, na bado amefungwa."

Budeba alitafuna. Aliisukuma nyama kwa maji.

"Nani alimtaja?" mama aliuliza.

"Sijui, mama."

"Mungu anamjua. Simwombei mabaya. Namwombea aone haya tu."

Kesho yake asubuhi alifungua sanduku la mbao alilotengenezewa na mwanawe, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na kibali na stakabadhi, yenye namba, mhuri na tarehe: miezi miwili kabla Eliezeri hajapigwa. Alimfungia Budeba na blanketi jipya la kumpelekea Kalinga, na jingine akamtupia mabegani yeye mwenyewe. "Hili ni lako. Nilikuwa nimeliweka nizikwe nalo, lakini wewe una safari."

Akiwa ndani ya basi, Budeba alilivua blanketi akalikunja miguuni. Baridi ilimpiga mpaka Makambako, hakulivaa.

Mjini Mbeya, mkaguzi aliikagua stakabadhi mbele na nyuma. Akasema ni halali. Akasema angekuwa na gari la kutosha na watu wa kutosha jambo hili lingekwisha siku tatu, na Budeba alimwona anasema kweli, kwa sababu meza yake ilikuwa imefunikwa na majalada.

"Basi Kalinga huyu si yeye," mkaguzi alisema. "Lakini Ndugu Balozi, hapo kijijini kwenu bado kuna silaha isiyoandikwa. Andika hapa maelezo kwamba wewe hujui nyingine yoyote, utie sahihi, nifunge upande wako."

Akamsogezea karatasi na kalamu. Budeba aliandika. Hati ilikuwa nzuri kama siku zote. Akatia sahihi.

Kalinga alitolewa saa nane mchana. Ndevu zilikuwa zimemjaa, shati linamning'inia. Alipomwona Budeba na blanketi alimkumbatia, akamshikilia, harufu ya mahabusu ikamwingia Budeba puani.

"Ndugu yangu," Kalinga alisema. "Mle ndani nilikuwa nakuwazia vibaya. Naungama. Nilisema, Budeba ananijua na amekana. Kumbe mtu husahau. Nisamehe."

Walitembea hadi penye mabasi. Kalinga alikuwa na shilingi chache alizorudishiwa pamoja na mkanda wake, akang'ang'ania kununua chai na maandazi. Waliketi kwenye benchi la mgahawa mdogo. Kalinga alikuwa akiuliza habari za mtoto, kama amefanana naye, kama kitovu kimekauka. Alimega andazi lake na kumpa Budeba nusu kubwa.

Budeba alilishika andazi lile. Akaliweka chini.

"Gobore ni langu," alisema.

"Gobore gani?"

"Lililompiga Eliezeri. Ni langu. Sikuliacha Maswa. Nilifyatua mimi, nikakimbia. Na kituoni nilikuona, ulinieleza, nakumbuka kila neno."

Mwenye mgahawa alikuja kuongeza chai, akajaza vikombe, akaondoka.

"Ulikwenda kwa mama," Kalinga alisema mwishowe.

"Nilikwenda."

"Alikupikia?"

"Alichinja jogoo."

"Ukala?"

"Nilikula."

Kalinga alitikisa kichwa polepole, kama fundi aliyepima mbao na kukuta fupi. Alisimama. Akachukua blanketi alilotumiwa na mama yake, akaliangalia lile jingine lililokunjwa kando ya Budeba, akaliacha. Akaenda kupanda basi la Igawa peke yake.

Budeba alibaki pale mpaka basi likaondoka. Mabasi mengine mawili yalipita, na makondakta wakamwita, "Mzee, Igawa? Igawa?" Kisha akainuka, akarudi njia ileile hadi kituo cha polisi. Mkaguzi alikuwa anafunga ofisi.

"Nimekuja kuharibu yale maelezo yangu," Budeba alimwambia.

Ilibidi arudie mara mbili ndipo mkaguzi akaelewa. Hakumpiga wala kumfokea. Alivua kofia, akaiweka mezani.

"Mzee, wewe ndiye uliyewahimiza wale wazee kumi?"

"Ndiyo, afande."

"Na walileta kwa sababu yako?"

"Ndiyo."

"Lile tangazo la siku thelathini. Ungelileta tusingekuuliza hata swali moja."

"Najua, afande."

Walikwenda naye kijijini mchana kweupe. Alifukua majani mwenyewe mbele ya watu. Kalista alikuwa na miaka saba, alisimama mlangoni na mama yake, na Budeba alipopita na gobore mikononi mtoto aliuliza kwa sauti, "Mama, si Baba alisema hana?" Leokadia alimshika kichwa akakigeuzia kwenye kanga yake.

Mahakamani alikiri yote. Alifungwa miezi kumi na minane.

Leokadia alikuja kumwona mara nne. Mara ya kwanza alikaa tu na kapu mapajani. Mara ya pili alimwambia ng'ombe wangapi wamezaa. Alimwambia pia kwamba watu wamemchagua jirani yao Filemoni kuwa balozi, na kwamba Apolonia alipokuwa na homa yeye ndiye aliyemnywesha mtoto maziwa ya ng'ombe, na Apolonia alimruhusu. "Mimi wananisalimia," alisema. "Sijui kwa nini."

Budeba alitoka gerezani mwanzoni mwa 1977. Kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kwa Mzee Eliezeri. Alimkuta juani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Akapiga magoti.

"Inuka," Eliezeri alisema. "Utanichafulia ua kwa machozi."

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha."

"Wa nini? Wa kunipiga? Uliona nguruwe. Hata mimi nilishapiga punda wa watu. Huo ningekusamehe jioni ileile." Alijikuna goti kwa ncha ya fimbo. "Lakini Budeba, niliita mara tatu. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Basi. Hilo sijui nilifanyie nini. Nikijua nitakuambia."

Katikati ya mwaka ule polisi walianza kurudisha silaha. Sita kati ya zile kumi zilirudi, za wenye vibali, na mbili kati ya hizo zilikuwa zimeota kutu mpaka mtutu. Nne hazikurudi. Lile la Mzee Eliezeri halikuonekana kabisa, na stakabadhi yake haikumsaidia. Wazee walilalamika kwenye mkutano, na kila aliposimama mtu kulalamika Budeba alitazama chini, kwa kuwa karatasi walizopunga ziliandikwa kwa mkono wake. Kalinga alikwenda Mafinga, akarudi na lake. Lilikuwa safi.

Kalinga hakuhama. Nyumba zao zilitengwa na mashamba mawili. Walipokutana njiani alimwamkia Budeba kama anavyoamkiwa mtu yeyote, akapita. Hakuwahi kukanyaga ua wake.

Mpaka mwezi wa tano uliofuata. Nguruwe walikuwa wamerudi, na Budeba alikuwa akipiga debe siku ya nne mfululizo, sauti imemkauka. Jioni moja Kalinga alisimama mwisho wa shamba lake, hakuvuka mfereji.

"Wanatoka kwako wanaingia kwangu," alisema. "Siwezi kulinda kwangu bila kulinda kwako. Kesho alfajiri nitakaa kwenye tuta lako."

"Karibu. Asante, ndugu."

"Sijakuja kwa ajili yako." Kalinga aliangalia mpunga. "Wewe na watu wako mkae ndani mpaka jua litoke. Mtu asije kwenye mfereji. Nimeshawaambia wengine wote, nyumba kwa nyumba. Nimebakiza wewe."

"Tutakaa ndani."

"Nikifyatua, nitakwenda kuangalia nilichopiga," Kalinga alisema, akaondoka.

Alfajiri Budeba aliamka kabla ya majogoo. Aliketi ukingoni mwa kitanda, miguu kwenye udongo baridi. Leokadia alikuwa macho pia. Kulikuwa na ukungu. Ulipenya chini ya mlango. Walikaa hivyo muda mrefu.

Gobore likalia.

Budeba alishika kitanda kwa mikono miwili. Alisubiri sauti ya mtu. Alihesabu pumzi zake, moja, mbili, tatu, na hakukuwa na sauti, ila hatua za Kalinga zikikata majani makavu kuelekea mferejini, bila haraka, mpaka zikafika.

"Nguruwe," Leokadia alisema gizani. "Ni nguruwe, Baba Kalista. Pumua."

Hakuweza kumtazama. Alijilaza, akageukia ukutani, akavuta shuka mpaka juu ya kichwa.